Waonekane, Wasisikike

Vyumba vingi vya ushauri nasaha katika sekondari zetu vilianza kama stoo. Ukiingia bado utakuta mabaki ya maisha yale ya kwanza: karatasi za mitihani ya miaka ya nyuma zimefungwa kwa kamba na kurundikwa pembeni, jembe lisilo na mpini, mipira iliyoisha upepo, ubao wa zamani umegeuziwa ukutani. Wathibiti ubora wa shule walipokuja na kuuliza wanafunzi wanashauriwa wapi, mkuu wa shule alitazama majengo yake, akahesabu madarasa ambayo tayari hayatoshi, akaagiza stoo ipunguzwe vitu. Ikaingia meza, vikaingia viti viwili vya plastiki, na mlangoni ikabandikwa karatasi yenye herufi kubwa: OFISI YA MALEZI NA USHAURI NASAHA.

Simlaumu. Tangu Januari 2016, serikali ya Tanzania ilipofuta ada hadi kidato cha nne, shule za kata zimepokea watoto wengi kuliko zilivyojengewa, na anayegawa vyumba huanza na mahitaji yanayopiga kelele: madarasa, maabara, matundu ya vyoo. Mtoto anayekosa usingizi kwa ajili ya baba wa kambo hana mwakilishi kwenye kikao cha bodi. Kinachonikera ni yanayofuata, siku mfadhili au mhitimu wa zamani mwenye moyo mzuri anapokuja kukifanya chumba kile kiwe na utulivu. Huja na rangi, mapazia, zulia la plastiki, saa ya ukutani na picha ya maporomoko ya maji. Mara nyingi ameona kwenye simu ofisi za washauri wa shule za Marekani, zenye taa za mwanga hafifu, makochi ya kuzama na vimpira vya kuminya. Kule, chama cha kitaifa cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na ushauri ndiyo kazi yake ya kutwa nzima. Huku, mshauri ni mwalimu wa Baiolojia mwenye vipindi vyake kama wengine, aliyeteuliwa kwa barua kwa kuwa ana sura ya upole.

Mtoto aliyeshika kitasa cha mlango ule ana swali moja tu: nitakayoyasema humu yataishia wapi? Chumba kizima, tangu bati hadi sakafu, ni jibu la swali hilo, na mtoto hulisoma jibu kabla hajakaa. Maporomoko ya maji ukutani hayamwambii chochote.

Kipo chumba kimoja ninachokifahamu vizuri. Kimepakana na ofisi ya walimu, na kama ilivyo kwa majengo mengi yaliyoinuliwa haraka kwa michango ya wananchi, hakina siling. Ukuta wa kati unafika usawa wa linta na kuishia hapo. Juu yake ni uwazi mtupu, kenchi na bati. Msichana akinong'ona upande huu, mwalimu wa Jiografia anayesahihisha madaftari upande wa pili anamsikia, hata kama hataki. Akiguna tu, au akisukuma kiti, msichana naye anamsikia yeye. Chumba hicho kimepakwa rangi mara mbili. Kina pazia la maua. Mwalimu mwenye dhamana aliniambia, akicheka kidogo, kwamba mambo mazito huja kwake msimu wa masika. Mvua ikianza kupiga bati, ofisi ya walimu haisikii tena kitu, na ndipo wanafunzi wanapobisha hodi. Lakini mvua hiyohiyo inamziba masikio hata yeye, kwa hiyo husogeza kiti mpaka magoti yakaribiane, na mtoto huinama kumsemea sikioni. Watoto wale wamelifanyia jengo uchunguzi ambao hakuna fundi wala mkaguzi aliyeufanya. Wamegundua saa ambazo kuta zinafika juu.

Fedha ya pazia na rangi ya mara mbili ingetosha angalau kuanza kununua mbao za siling. Na hata pasipo fedha, redio ndogo ikiachwa inaimba taratibu upande wa ofisi ya walimu inasaidia kuliko picha yoyote. Haya ni mambo ya kiufundi, na nadhani ndiyo maana hayapendwi. Mfadhili hapigi picha na siling.

Basi ukuta ukishazibwa, linajitokeza tatizo la pili, gumu kuliko la kwanza. Chumba kisichosikika kikiwa pia hakionekani, kinakuwa chumba cha hatari. Mwalimu wa kiume yuko ndani na msichana wa kidato cha tatu, mlango umefungwa: uvumi utamaliza kazi kabla ya kengele ya mapumziko. Wala wasiwasi huo si wa kubuni. Wapo walimu waliofukuzwa kazi na kufungwa kwa yaliyotokea nyuma ya milango ya namna hiyo, na kila msichana anawajua kwa majina ambao hawakufungwa. Kwa hiyo mlango uachwe wazi, na siri inatoka; au ufungwe, na usalama unatoka.

Aliyenionyesha njia ya kutoka katika mkwamo huu ni daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, ambaye hakuwa akifikiria shule hata kidogo. Alimpoteza mgonjwa wake mmoja, msichana aliyejiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kwenda kumwona hospitalini. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, Chibanda hakupewa chumba wala wauguzi. Zahanati ilikuwa imejaa. Alichopewa ni wanawake watu wazima 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, bibi za watu, na uwanja wa nje. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, akaweka benchi la mbao chini ya mti. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililowalinganisha walioketi kwenye mabenchi hayo na waliopata huduma za kawaida, na waliokaa na bibi walikuwa na nafuu zaidi. Mpango huo umeshafika hadi Malawi na Zanzibar.

Nimelifikiria sana benchi lile. Husifiwa kwa urahisi wa gharama, na ni kweli. Ila sifa yake nyingine ni ya kijiometria: watu wawili wakiketi chini ya mwembe, hatua thelathini kutoka kwenye jengo, kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia. Usalama na siri, vitu ambavyo mlango unavigombanisha, pale vinakaa pamoja bila shida. Shule zetu zina uhaba wa kila kitu isipokuwa uwanja na miti. Miarobaini iliyopandwa siku za kampeni za mazingira, mikungu ya mbele ya ofisi, miembe ambayo hakuna anayekumbuka nani aliipanda. Chini ya mingi kati ya hiyo kumewekwa mawe yaliyopakwa chokaa, na hakuna pa kukaa.

Lakini shule si Mbare. Wanafunzi mia tisa wana macho elfu moja na mia nane, na aliyeonekana pale benchini saa nne atakuwa na jina jipya ifikapo saa sita. Mwalimu wangu wa masika amelipatia jambo hili dawa ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Katika droo yake anatunza taulo za kike, sindano na uzi wa kushonea vifungo, pampu ya mpira, fomu za mikopo ya elimu ya juu za kuonyesha waliomaliza, na vitu vilivyookotwa. Mtoto anakwenda kwake kuulizia kalamu iliyopotea. Mwingine kushona mfuko. Mvulana wa timu anapita kujaza upepo. Kati ya kumi wanaoingia, mmoja ana neno, na hao tisa, bila kujua, wanamfunika. Ofisi ambayo watu huingia kwa shida pekee ina alama kubwa mlangoni kwake kuliko ile karatasi; ofisi yenye shughuli ndogondogo haina. Ningepewa fedha kidogo za kuboresha chumba cha ushauri, ningeanza na hiyo pampu.

Tuje kwenye kukaa. Ofisi ya walimu ni mahali ambapo mwanafunzi husimama, huchuchumaa kando ya meza, au hupiga magoti akisubiri kusikia kosa lake. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Sema." Kiti kina habari mpya kwake, na mara ya kwanza hukalia ncha yake tu, tayari kuruka. Kukiwa na meza katikati, ameshajua tena yuko wapi: mbele ya hakimu. Kisha inakuja ile amri, "Nitazame ninapoongea na wewe!", amri ya ajabu kwa mtoto aliyelelewa tangu utotoni kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Akiinamisha kichwa anaambiwa anaficha kitu. Akikiinua anaambiwa ana kiburi.

Hata Sigmund Freud kule Vienna hakupenda kutazamana. Aliwalaza wagonjwa kwenye kochi, mwenyewe akakaa nyuma ya kichwa chao, na aliandika waziwazi kwamba sababu mojawapo ni kuwa hakuvumilia kukodolewa macho saa nane kwa siku. Sisi hatuhitaji kochi. Kwenye baraza za pwani watu huketi bega kwa bega wakitazama njia, na mazungumzo mazito ya posa, madeni na mirathi yamepita pale bila mtu kumkodolea mwenzake. Wanawake huyasema makubwa zaidi wakichambua mchele, macho yote yakiwa kwenye ungo. Viti viwili vikiwekwa ubavu kwa ubavu, kidogo vimeelekezwa dirishani, mtoto anapata kitu cha kutazama wakati ulimi unatafuta pa kuanzia. Mpe na kitu mkononi kama kipo, hata hizo fomu za kupanga.

Kuhusu rangi sina mengi. Mwaka 1979, katika gereza la jeshi la wanamaji huko Seattle, walipaka selo rangi ya waridi kwa imani kwamba inapunguza hasira, na habari ikaenea duniani. Majaribio yaliyofuata hayakuiona nguvu hiyo. Dirisha ni jambo jingine. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliolazwa mahali ambapo dirisha linatazama miti walitoka mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Stoo hujengwa na kidirisha kidogo cha juu, makusudi, wezi wasichungulie. Kubomoa na kukishusha ni kazi ya fundi mmoja, ya siku chache.

Na mabango yaondolewe. Nimeona chumba cha ushauri ambacho ukuta wake una fuvu la kichwa kutoka enzi za kampeni za UKIMWI, picha ya msichana mwenye tumbo akilia nje ya geti la shule, na orodha ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi. Mtoto mwenye mojawapo ya mambo hayo matatu anaketi chini ya hukumu yake iliyoandikwa tayari. Kulikuwa na bango la nne, lile linalopatikana karibu kila sekondari, linalomwambia kwa Kiingereza azungumze Kiingereza. Wengi wetu tuliadhibiwa kwa kukutwa tunaongea Kiswahili katika eneo la shule. Sasa mfikirie mtoto wa miaka 14 anayetakiwa kueleza alichofanyiwa na mjomba wake, kwa lugha ambayo ndani yake anaweza kueleza sehemu za ua na sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia. Pale mlangoni sheria ya lugha iishe. Kama ana Kisukuma au Kihaya au Kimakonde, na mwalimu anakielewa, kije.

Yote haya, siling, benchi, pampu, viti, ni mambo ya chumba. Lakini lipo tukio moja lililokibadilisha chumba cha ushauri nchini Tanzania kuliko vyote, na halikugusa tofali hata moja. Kabla ya hapo, msichana aliyeshika mimba alifukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zenye kifungu cha makosa dhidi ya maadili, zilitumika hivyo nchi nzima. Shule nyingi ziliwapima wasichana mimba kila walipotoka likizo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba chini ya utawala wake hakuna aliyezaa atakayerudi darasani. Fikiria sasa mwalimu wa malezi wa miaka ile. Msichana anaingia, anakaa, analia. Mwalimu ana upole wote wa dunia na pazia la maua. Na wote wawili wanajua kwamba sentensi ambayo haijasemwa, ikisemwa, ndiyo mwisho wa shule. Utulivu gani ungeweza kuwekwa mule? Mwalimu mwema alijifunza kutouliza. Msichana mwerevu alijifunza kutokuja.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wataruhusiwa kurudi. Utekelezaji una mashimo yake, na majirani wenye midomo hawakutangaziwa msamaha wowote. Hata hivyo viti vilevile viwili vya plastiki vilipata kazi mpya asubuhi iliyofuata. Sentensi ile sasa ingeweza kusemwa ikafuatiwa na swali: tunafanyaje?

Siri nayo ina mpaka, na mshauri anayeuficha mpaka huo anajenga mtego. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka. Mwalimu anayemwambia mtoto "chochote utakachosema kitabaki hapa" ameahidi kisichokuwa chake. Ninaowaheshimu husema mapema, kabla ya machozi, kwa maneno mepesi: nitakaa nayo, isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, hapo itabidi tumtafute mwingine wa kutusaidia, na nitakwambia ni nani kabla sijaenda. Wengine hunyamaza wakisikia hivyo na kuondoka. Baadhi yao hurudi. Namba 116, ya simu kwa mtoto, ikiandikwa mahali inapoonekana bila kuulizwa, inampa yule anayeondoka mlango mwingine.

Linabaki suala la fimbo, ambalo katika mikutano ya malezi huachwa mpaka dakika za mwisho, watu wanapotafuta posho zao. Kenya iliiondoa fimbo shuleni kwa tangazo la kisheria mwaka 2001, mwaka uleule ambao wanafunzi 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa na wenzao. Kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai kikapendekeza, pamoja na mengine, ushauri nasaha uimarishwe. Ukaingia kwa hiyo kama mrithi wa fimbo, na katika shule nyingi ukarithi pia mazoea yake: mwanafunzi "anapelekwa" kwa mshauri, tena baada ya kosa, na anatoka akiwa ametia sahihi karatasi ya kuahidi hatarudia.

Tanzania fimbo ipo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, adhabu iingizwe kitabuni, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Hicho cha mwisho kiliwekwa kwa kumstahi msichana, na ninaelewa nia yake. Lakini nenda shule ya kata vijijini ukahesabu walimu wa kike. Wakiwa wawili, mmoja wao ndiye mlezi wa wasichana, kwa kuwa ni mwanamke; na ni yeye huyohuyo anayeitwa uwanjani kuwachapa, kwa kuwa ni mwanamke. Asubuhi anashika fimbo, mchana anafungua mlango na kusema karibu. Sijui ni zulia la rangi gani litakalomsahaulisha mtoto asubuhi.

Mwalimu wa masika aliandika barua kwa mkuu wake wa shule. Hakuomba kochi wala rangi. Aliomba siling, ambayo imewekwa kwenye bajeti ya mwaka ujao, na aliomba atolewe kwenye zamu ya geti, ile ya kuwapokea waliochelewa, na asiitwe tena kuchapa. Ombi hilo la pili mkuu alilijibu kwa mdomo, kwa upole, wakiwa wamesimama kwenye korido: walimu wa kike hawatoshi. Na ni kweli, hawatoshi.